Akijua Mbia Mmoja, Wamejua Wote

Aprili 1947, nchini Uingereza, Bwana Ingram alijitoa katika duka la samani la Merry's alilokuwa akiliendesha kwa ubia na Bwana Christmas. Walikubaliana kuwa Christmas, aliyebaki dukani, ndiye atakayewaarifu watu waliokuwa wakifanya nao biashara. Ingram aliijulisha benki, lakini tangazo gazetini halikutolewa. Januari 1948 Christmas aliagiza seti sita za samani za chumba cha kulala kutoka kampuni ya Tower Cabinet, na oda akaithibitisha kwa karatasi ya zamani yenye jina la Ingram. Malipo hayakufika. Kampuni ikamgeukia Ingram.

Ingram aliponea chupuchupu. Mwaka 1949 mahakama iliamua kuwa hadaiwi, kwa kuwa Tower Cabinet haikuwahi kufanya biashara na Merry's wala kumjua kama mbia kabla hajaondoka, na karatasi ile ilitumika bila yeye kujua. Kama muuzaji angekuwa wa siku zote na hajapewa taarifa, deni lingeweza kumwangukia.

Kesi hiyo iliamuliwa kwa Sheria ya Ubia ya Uingereza ya 1890. Kenya ilitumia sheria ya mfano huohuo hadi ilipotunga Sheria yake ya Ubia ya 2012. Tanzania Bara, kanuni za ubia zimo ndani ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345.

Kanuni inayowashtua wengi inahusu taarifa inayoingia. Tuseme ndugu wawili wamepanga fremu, na mwenye nyumba anamkabidhi mdogo, anayeshinda dukani, barua kuhusu pango. Mdogo anaikunja na kuisahau mfukoni. Kaka hawezi kujitetea kuwa hakuiona: kwa sheria hiyo ya 1890, taarifa ya mambo ya biashara anayopewa mbia anayeshughulika nayo kwa kawaida ni taarifa kwa ubia wote. Taarifa anayopewa mbia aliyetoa mtaji tu na kukaa pembeni haihesabiwi hivyo. Sheria pia inatenga udanganyifu: mbia anayeuibia ubia anajua anachokifanya, lakini wenzake hawahesabiwi kuwa wamejua. Ni haki kabisa.

Kwa mtu wa nje, mambo hugeuka. Wabia wanaweza kuandikiana kuwa hakuna atakayekopa bila saini ya mwenzake. Mkopeshaji asiyejua sharti hilo, akikopesha katika shughuli za kawaida za biashara, bado ana haki ya kuudai ubia. Makubaliano yaliyofungiwa kabatini hayamfungi asiyeyajua.

Marekani, sheria ya mfano ya 1997 inayofuatwa na majimbo mengi imeweka muda: mbia aliyeondoka akisajili tamko la kuondoka kwake, baada ya siku 90 watu wa nje huhesabiwa kuwa wamearifiwa.

Anayejitoa asimwachie mwenzake kazi ya kutoa taarifa, kama Ingram alivyofanya. Kila muuzaji na mkopeshaji wa zamani aandikiwe barua na nakala iliyosainiwa kupokelewa ihifadhiwe; benki na msajili wa majina ya biashara wajulishwe; karatasi, mihuri na vitabu vya risiti vyenye jina lake viondolewe. Taarifa hizo humkinga na madeni yajayo tu. Yale yaliyoingia akiwa mbia yataendelea kumfuata, isipokuwa mdai mwenyewe akubali kumwachilia.