Mboga Chungu Isiyolika Haimsaidii Mtu

Somo la vikundi: mboga za kwetu katika kupunguza unene

Katika somo hili tutazungumza juu ya unene uliopita kiasi, na jinsi mboga za hapa kwetu zinavyoweza kutusaidia. Mmoja asome kwa sauti, kisha mjadiliane.

1. Tatizo ni gani?

Zamani mtu mnene alihesabiwa kuwa ameshiba na ana heri. Hata leo mama akipungua kidogo, majirani huanza kunong'ona: "Ana nini yule? Mbona amekonda hivyo?" Wako wanaoogopa kupunguza mwili wasije wakadhaniwa wana ukimwi. Lakini jamani, tuseme ukweli. Unene uliozidi huongeza hatari ya presha, kisukari na maumivu ya magoti, nao si wa matajiri peke yao. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kati ya kila watu wazima 100 wa Kenya, 27 walikuwa na uzito uliozidi. Kwa wanawake walikuwa 38 kati ya 100, yaani zaidi ya mmoja katika kila watatu.

Kipimo chake ni kamba tu. Ipime sawasawa na urefu wako, kutoka utosini mpaka unyayoni. Ikunje katikati, kisha uizungushe kiunoni. Kama ncha hazikutani, kiuno kimezidi nusu ya urefu wako, na hiyo ni dalili ya hatari. Kipimo hiki si cha mama mjamzito. Wala asichekwe mtu. Kila mmoja ajipime kwake nyumbani.

2. Unene watoka wapi?

Hutoka kwa kula nguvu nyingi kuliko zile mwili unazotumia. Gramu moja ya mafuta ina nguvu mara mbili na zaidi ya gramu moja ya sukari au wanga. Sasa fikirini asubuhi yetu: mahamri yaliyokaangwa, mbaazi za tui zito, na chai ya vijiko vinne vya sukari. Mchana soda, na soda ya mililita 300 huwa na sukari kama vijiko 7 au 8 vya chai. Jioni chipsi. Tena safari tuliyokuwa tukienda kwa miguu, leo tunapanda bodaboda au tuktuk mpaka mlangoni.

3. Je, kuna majani ya kuyeyusha mafuta?

Hapana. Wako wanaouza unga na majani ya chai ya kupunguza tumbo. Baadhi ya chai hizo huwa na sanamaki, ambayo huharisha. Mtu akipanda mizani huona amepungua, kumbe alichopoteza ni maji. Akinywa maji, uzito unarudi.

Mboga za majani husaidia kwa njia nyingine. Zina maji mengi na nyuzinyuzi, hujaza tumbo, na nguvu zake ni kidogo. Lakini zinasaidia pale tu zinapochukua nafasi ya chakula kingine. Ukila mlima ule ule wa sima, kisha ukaongeza mboga juu yake, hujapunguza kitu.

4. Kwa nini lazima mboga ilike?

Tuchukue mchunga. Hujiotea wenyewe mashambani wakati wa mvua, na wazee wetu waliula tangu zamani. Lakini jina lake na uchungu wake ni ndugu. Watoto huusukuma pembeni. Basi mpishi, ili kuuficha ule uchungu, humimina tui zito na mafuta. Mboga imelika, ndiyo, lakini faida imezama ndani ya mafuta. Kazi yetu basi ni hii: kuufanya mchunga uwe mtamu bila kuuzamisha.

Msidhani ladha ya watu haibadiliki. Katika miaka ya 1990 mboga za kienyeji zilidharauliwa na wengi kuwa chakula cha maskini. Watafiti na vikundi vya wakulima walifanya kazi ya kuzirudisha mezani, na leo zinauzwa hata katika supamaketi za mijini. Mwaka 2021 UNESCO iliiorodhesha kazi hiyo ya Kenya kuwa mfano mwema wa kulinda vyakula vya asili.

5. Zoezi la sufuria tatu

Kila sufuria iwekeni kitunguu, nyanya, chumvi kidogo sana, kikombe kimoja cha tui jepesi, na ndimu mwisho kabisa. Msiweke mafuta ya kukaangia. Tofauti iwe kwenye mboga:

Sufuria ya kwanza: fungu 1 la mchunga kwa mafungu 3 ya mchicha.
Ya pili: nusu mchunga, nusu mchicha.
Ya tatu: kama ya pili, ila mchunga uchemshwe kwanza na maji yamwagwe.

Mchicha hupunguza makali, na chumvi na ndimu hutuliza uchungu ulimini. Kumwaga maji huondoa uchungu pia, lakini huondoka na sehemu ya vitamini C. Kwa hiyo msikimbilie sufuria ya tatu.

Waiteni baba na watoto waonje bila kuambiwa ni ipi. Kila mmoja atie punje ya harage katika kopo la sufuria aliyoipenda. Hesabuni, andikeni. Baadaye ongezeni mchunga kidogo kidogo kila wiki, ulimi uzoee.

Mkipakua, nusu ya sahani iwe mboga, robo sima au wali, na robo samaki, kunde au maharagwe. Na chai ya tangawizi au mchaichai, punguzeni kijiko kimoja cha sukari kila wiki mpaka ladha yake yenyewe isikike.

6. Tahadhari

Mwenye kisukari au presha asiache dawa za hospitali kwa ajili ya majani. Uwatu, kwa mfano, huweza kushusha sukari. Ukichanganywa na dawa, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Amwambie daktari kwanza. Mama mjamzito asinywe dawa za miti kwa kubahatisha.

Kikundi kikitaka kuuza chakula hiki, kimwone afisa wa afya ya jamii, na kwa bidhaa za pakiti kiulize KEBS. Wala msimwambie mteja kwamba kinaponya. Mwambieni ni kitamu na ni chepesi, inatosha.

Maswali ya majadiliano

1. Katika nyumba zetu, nani huamua tui na mafuta yawe kiasi gani?
2. Mwenzetu akianza kupungua kwa kula vizuri, tutamkinga vipi na maneno ya watu?
3. Mama anayepata riziki kwa mahamri na chipsi, anaweza kuongeza nini kwenye meza yake bila kupoteza wateja?

Kabla ya kuachana, pangeni siku ya sufuria tatu, na nani ataleta mchunga.