Kubadili na Kuacha Dawa za Wasiwasi: Somo kwa Wanadiakonia na Wazee wa Kanisa

Somo la robo hii linawalenga hasa wanadiakonia, wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya, kwa kuwa mara nyingi ninyi ndio mnaofika nyumbani kwa mtu kabla ya daktari. Linahusu dawa za kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, na hasa yale yanayompata mtu anapoziacha au anapobadilishiwa.

Dawa inayojulikana zaidi katika kundi hili ni diazepamu, ambayo wengi huiita Valium. Ilitengenezwa na mkemia Leo Sternbach wa kampuni ya Hoffmann-La Roche, ikaanza kuuzwa mwaka 1963. Ndugu zake ni lorazepamu, alprazolamu na klonazepamu. Ni dawa nzuri mahali pake: huzuia degedege, humtuliza mgonjwa kabla ya upasuaji, na humsaidia aliyeshikwa na hofu kali kwa siku chache. Tatizo huanza pale siku chache zinapogeuka miezi. Mtu alipewa vidonge wakati wa msiba ili apate usingizi. Arobaini imepita, mwaka umepita, bado anameza. Kisheria ni dawa za cheti, lakini tusidanganyane, wapo wanaozipata bila cheti. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa hizi zisitumike kuwa tiba ya ugonjwa wa wasiwasi kwa watu wazima.

Ubongo una breki zake za kupunguza mshtuko na hofu. Vidonge hivi huongeza nguvu ya breki hizo. Vikitumika muda mrefu, ubongo huzoea kusaidiwa na kulegeza breki zake wenyewe. Sasa fikiri lori lenye mzigo linaloteremka Kitonga, halafu mtu anaiondoa breki mara moja. Ndivyo ilivyo kuacha ghafla: kukosa usingizi, kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kichefuchefu, hasira, mwanga na sauti kuumiza, wasiwasi mkubwa kuliko ule wa mwanzo. Wengine huchanganyikiwa au kuanguka kifafa, na kifafa hicho kinaweza kuua. Vijana wa mjini wana neno lao, arosto. Jambo hili halichagui mlevi wala mcha Mungu. Linampata hata mama mzee aliyemeza kidonge chake kimoja kila usiku kama alivyoelekezwa.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana ndipo sisi watu wa kanisa tunapoingia. Lorazepamu na alprazolamu hutoka mwilini upesi, hivyo dalili huanza baada ya siku moja au mbili. Diazepamu hutoka polepole sana. Dalili zinaweza kuchelewa kwa siku kadhaa, hata wiki au zaidi. Kwa hiyo mtu anaweza kutupa vidonge vyake Jumapili kwenye maombi, Jumatatu akajisikia mzima, Jumatano akatoa ushuhuda, na wiki inayofuata akaanguka kifafa jikoni. Kisha watu watasema imani yake ni haba au ana mapepo. Binafsi naona huko ni kumwonea mtu mara mbili. Mungu anaponya, na hilo ndilo tunalolihubiri. Lakini mtu aliyeponywa wasiwasi bado ana mwili uliozoea dawa, na mwili huo unahitaji muda. Kanisa letu halijaanza leo kuelewa jambo hili. Hospitali ya Lutindi, kule Usambara, ilikuwa ikitunza wagonjwa wa akili tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, kwa sala na kwa dawa.

Je, mtu anapobadilishiwa dawa? Kosa linaloonekana mara nyingi ni kudhani kidonge kipya kinafanya kazi ya kile cha zamani. Daktari anaweza kuandika fluoksetini au sertralini, ambazo zinafaa zaidi kwa matumizi ya muda mrefu. Lakini hizo huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na siku za mwanzo zinaweza hata kuongeza wasiwasi. Zaidi ya hayo, hazizuii dalili za kuacha diazepamu. Ndiyo maana kwa kawaida dawa mpya huanzishwa kwanza, na ile ya zamani hupunguzwa kidogo kidogo baadaye. Anayeacha ya kwanza siku anayoanza ya pili hukaa katikati bila msaada wowote, kisha husema dawa mpya ni mbaya. Fluoksetini na wenzake nao, wakati ukifika, huachwa kwa hatua.

Njia nyingine ya kubadili ilienezwa na Profesa Heather Ashton, aliyeendesha kliniki ya kuacha dawa hizi mjini Newcastle, Uingereza, kuanzia 1982 hadi 1994. Aliwahamisha wagonjwa kutoka dawa zinazotoka upesi kwenda diazepamu, kisha akaipunguza taratibu. Kwa hesabu yake, nusu miligramu ya alprazolamu inalingana na miligramu 10 za diazepamu. Kumbe udogo wa kidonge si udogo wa nguvu! Hivyo kubadilishana vidonge na jirani ni hatari.

Tuchukue mfano wa anayemeza miligramu 10 za diazepamu. Akipunguza miligramu 1 kila wiki 2 hadi kufika 5, halafu nusu miligramu kila wiki 2, atamaliza baada ya wiki 30. Ni miezi saba hivi. Hesabu hii ni ya kutuonyesha mwendo tu. Ratiba ya kila mtu hupangwa na daktari, na wengine huhitaji muda mrefu zaidi. Kidonge cha miligramu 2 hukatwa nusu au robo, na hapo kijana mwenye macho mazuri anaweza kumsaidia bibi yake. Siku zikiwa ngumu, daktari anaweza kusimamisha kupunguza kwa wiki chache. Kusimama siyo kushindwa.

Nyumbani, wekeni daftari la tarehe, kipimo na hali ya usingizi. Chai na kahawa zipungue, hasa jioni. Pombe isiguswe kabisa, iwe mbege, gongo au bia, kwa maana pamoja na dawa hizi huweza kuzuia pumzi. Matembezi ya asubuhi na kazi nyepesi ya shamba husaidia usingizi kurudi. Mtu akichanganyikiwa, akiona visivyokuwepo au akianguka kifafa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na daftari na pakiti ya dawa viende naye.

Kwa kusoma pamoja nawapendekezea 1 Wafalme 19, Eliya alipolala chini ya mretemu akiwa amechoka na maisha. Angalieni kwamba malaika alimpa chakula na kumwacha alale, tena zaidi ya mara moja, kabla ya safari yoyote. Hakumkemea. Kisha jadilini: katika usharika wenu, mtu akisimama siku ya maombi na kusema ameacha vidonge vyake, ni nani atakayemtembelea siku ya tano, ya kumi na ya ishirini, na atamuuliza nini?