Nani Huuliza Swali? Wakazi wa Thika na Ruiru na Uteuzi wa Mada za Utafiti

Utangulizi

Makala haya yanachunguza suala ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili tumelipuuza kwa muda mrefu, yaani nafasi ya mkazi wa mtaa katika kuamua ni jambo gani lifanyiwe utafiti mtaani mwake. Thika na Ruiru zimeteuliwa kwa sababu iliyo wazi. Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko Kahawa, karibu na Ruiru. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kiko Juja, katikati ya miji hiyo miwili. Chuo Kikuu cha Mount Kenya kiko Thika kwenyewe. Watafiti hawako mbali na Kiandutu, Githurai wala Kamenu. Aliye nadra ni mkazi aliyeulizwa, kabla ya hojaji kuandikwa, ni swali lipi angependa lijibiwe.

Kitenzi na nomino

Tuanze na lugha yenyewe. Katika nyaraka rasmi husemwa kuwa wananchi "washirikishwe". Kitenzi hiki kimenyambuliwa katika kauli ya kutendesha kisha ya kutendwa. Mwananchi, basi, ni mtendwa. Yuko mwingine, asiyetajwa, anayemfanya ashiriki. Linganisha na "kushirikiana", ambapo hakuna upande unaosubiri kualikwa na mwingine. Huenda msomaji akadai kuwa hii ni sarufi tu. Sidhani. Mnamo 1969, Mmarekani Sherry Arnstein alieleza ushiriki wa raia kwa mfano wa ngazi yenye vidato 8. Kuombwa maoni alikuweka kwenye kidato cha 4, miongoni mwa vile alivyoviona kuwa vya kuonyesha tu, visivyompa raia uwezo wa kuamua.

Nomino "mkazi" nayo ina utata. Sensa ya 2019 iliupata mji wa Ruiru ukiwa na watu 490,120, wa nne nchini kwa idadi baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Thika ilikuwa na watu 251,407. Wengi wa watu hao ni wapangaji, na wako wanaodamkia Nairobi kazini na kurejea usiku. Baraza la chifu likiitishwa asubuhi siku ya kazi, atakayehudhuria ni mwenye ploti. Swali lake ni hatimiliki na bomba la majitaka. Swali la mpangaji ni kodi, maji na nauli. Mtafiti akiripoti kwamba "wakazi walisema", amesema nini hasa?

Mfano wa karibu

Katika kaunti iyo hiyo ya Kiambu, kule Limuru, kuna Kamirithu. Mnamo 1977 wanakijiji, wakiwemo wafanyakazi wa viwanda na wa mashamba, waliigiza tamthilia ya Kigikuyu iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Hawakukabidhiwa maneno ya kukariri tu; waliujadili mswada na kuurekebisha, lugha na nyimbo zake, kwa kuwa maisha yaliyosimuliwa yalikuwa yao. Serikali iliondoa kibali cha maonyesho Novemba mwaka huo, na mnamo 1982 ukumbi ukabomolewa. Kamirithu haikuwa mradi wa utafiti, lakini inatuonyesha kwamba asiyesoma chuoni anaweza kumsahihisha msomi, mradi lugha ya mazungumzo ni yake.

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba wakazi wakiulizwa watataja maji, si methali, na mtafiti wa Kiswahili hana bomba la kuwapa. Hoja hii ni nzito kiasi, wala sidai kuwa kila tasnifu ihitaji baraza. Anayehakiki arudhi ya tenzi za kale hana haja ya kwenda Kiuu kuomba ushauri. Hata hivyo, masuala mengi ya mtaani yana lugha ndani yake. Mkataba wa upangaji ulioandikwa kwa Kiingereza, na mpangaji akautia sahihi bila kuuelewa, ni mada ya isimujamii. Namna muuguzi anavyomfafanulia mgonjwa dawa katika Hospitali ya Thika ni mada ya tafsiri na ukalimani. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Anayeweza kutuambia ahadi hiyo inakwamia wapi ni yule anayepanga foleni dirishani.

Kuna pia suala la kibali. Leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, iliyoundwa kwa sheria ya 2013, kisha mtafiti huenda kwa chifu. Kwa chifu hutafutwa ruhusa. Swali limekwisha kuchapwa na limo mkobani.

Ninapendekeza safari hiyo itangulie pendekezo la utafiti. Mikutano iwe jioni au Jumapili alasiri, wapangaji wakutane peke yao kabla ya kukutana na wenye ploti, na Kigikuyu na Sheng zisikatazwe kwa kisingizio cha usanifu. Matokeo nayo yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, kurasa mbili au tatu, yasomwe hadharani katika mtaa uliohusika, na wakazi wayakosoe kabla ya mtahiniwa kwenda kuitetea tasnifu yake, si baada ya hapo.