Somo la Kibwezi kwa Wenye Kufundisha

Darsa yetu ya leo yahusu kufundisha, nasi twaianza kwa kuungama kosa letu wenyewe.

Katika darsa yetu ya usiku tulisomesha mlango wa zaka kwa majuma matatu. Watu waliketi kwa adabu, wakasikiliza, wakaitikia. Tulipowauliza nisabu ya dhahabu ni kiasi gani, walijibu kwa sauti moja: mithqali ishirini. Tulipouliza hutolewa nini, wakajibu: fungu moja katika arubaini. Tukafurahi, tukaona kazi imekwisha. Usiku wa mwisho akasimama mmoja wao, mwenye duka la nguo, akasema: "Sheikh, mimi nina majora dukani, nina fedha kidogo, nina watu niwadaio, na mimi mwenyewe nadaiwa na tajiri wa jumla. Je, nitoe nini?" Tukalirudisha swali kwa wenziwe. Hapana hata mmoja aliyeweza kulijibu, na baadhi yao wamehudhuria darsa zetu kwa miaka mingi.

Tuliona haya. Haki ya maskini ilikuwa imelala dukani mwa mtu asiye bakhili, mtu apendaye kutoa, kwa sababu sisi tulimfundisha maneno tusimfundishe kuyatumia. Tangu usiku ule tumekuwa tukijiuliza: vipi ilimu huingia sikioni, ikapita ulimini, isifike mkononi?

Jawabu tumeliona mahali ambapo wengi wetu hupaangalia kutoka dirishani tu. Mtu atokaye Mombasa kwenda Nairobi, akiisha kupita Mtito Andei na kabla hajafika Makindu, huikuta Kibwezi, karibu na vilima vya Chyulu, katika nchi ya Wakamba. Leo iko katika Kaunti ya Makueni. Zamani ilikuwa katika Wilaya ya Machakos. Ni nchi ya joto na mvua haba. Mwishoni mwa miaka ya 1970, shirika la AMREF, ambalo lilianzishwa mwaka 1957 na madaktari waliokwenda kutibu watu kwa ndege, liliweka hapo mpango wa afya ya vijijini. Waliona kwamba zahanati hungojea mgonjwa aje, na mgonjwa aliye mbali huja akiwa amechelewa. Basi wanavijiji wachague watu miongoni mwao, wafundishwe, kisha warudi kuwahudumia jirani zao. Na katika mwaka 1978 mkutano mkubwa wa mataifa uliofanywa Alma-Ata, katika nchi ambayo leo ni Kazakhstan, ulikata shauri kwamba watu wenyewe washirikishwe katika kulinda afya yao.

Ama kufundisha watu wa namna hii si kazi nyepesi. Katika kijiji yumo mama aliyelea watoto wanane naye hajui herufi moja. Yumo kijana aliyesoma shule, hana mtoto. Yumo mzee mwenye maneno mengi, na yumo mwenye haya asiyefungua kinywa mbele ya wazee. Ukiwakalisha wote hawa mbele ya ubao, ukawasomea kwa saa mbili, atafaidika kijana peke yake, na wala si yeye atakayemuuguza mtoto usiku.

Daktari Roy Shaffer wa AMREF aliieleza njia nyingine katika kitabu alichokiita Beyond the Dispensary, yaani nje ya mipaka ya zahanati. Njia hiyo hujulikana kwa jina la LePSA, nayo ina nguzo nne. Kwanza, mafundisho yamwelekee mwenye kujifunza, si mwenye kufundisha. Pili, mwalimu aanze kwa kuweka tatizo mbele ya watu, asianze na jawabu. Tatu, wenye kujifunza waligundue jambo kwa akili zao. Nne, mafundisho yaishie katika kitendo. Kabla yake, mwalimu Paulo Freire wa Brazil alikwisha kuwalaumu walimu wanaomfanya mwanafunzi kama chombo kitupu cha kutiwa maneno.

Twaeleza kwa mfano. Mwalimu ataka kufundisha juu ya maradhi ya kuharisha. Hasemi, "Chemsheni maji." Huwapa watu wawili au watatu mchezo mfupi wa kuigiza: mama achota maji mtoni mahali waliponyweshwa ng'ombe, mtoto ayanywa, usiku augua, jirani waja, kila mmoja na shauri lake. Hapo mchezo hukatika bila ya jawabu. Ndipo mwalimu huuliza kwa taratibu: Mmeona nini? Ni nini lililotukia? Je, na kwetu hutukia? Kwa nini? Na tufanye nini? Yule mama asiyejua herufi, ambaye mbele ya ubao alikuwa wa mwisho, sasa huwa wa mbele, kwani jambo hilo amelipitia. Kijana huleta alichosoma shuleni. Mwalimu huongeza lile ambalo wote hawalijui. Na uamuzi wa kuchemsha maji au kukilinda kisima ukitoka vinywani mwao, huwa ni ahadi yao.

Huenda msomaji akasema, haya ni mambo ya kigeni. Hasha. Mtume wetu (S.A.W.) alipomwona mtu asaliye kwa haraka, alimwambia arudi akasali tena kwa kuwa bado hajasali. Akamrudisha mara tatu, hata yule mtu mwenyewe akakiri kwamba hajui zaidi ya hivyo, akaomba afundishwe; ndipo akafundishwa. Siku nyingine aliwauliza masahaba juu ya mti usiopukutisha majani, mfano wake kama Muislamu. Watu wakawaza miti ya nyikani, naye Ibn Umar, aliyekuwa mdogo, akajua moyoni kuwa ni mtende lakini akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Na mara nyingine aliwachorea mistari ardhini kuonyesha mwanadamu, ajali yake iliyomzunguka, na matumaini yake yanayopita mpaka huo. Tazameni: mmoja kafundishwa kwa kutenda, wengine kwa fumbo, wengine kwa jicho. Na khabari ya Ibn Umar yatufunza tumtafute mwenye haya, kwani huenda jawabu liko kwake.

Wala hapa pwani hatukukosa mfano. Mwaka 1986 ulianza Mombasa mpango wa shule za madrasa kwa watoto wadogo, ukisaidiwa na Wakfu wa Aga Khan, kisha ukaenea Zanzibar na Uganda. Humo mtoto hujifunza kwa kucheza, kwa kushika na kupanga vitu vipatikanavyo papa hapa petu, pamoja na kusoma dini yake. Wazee walioona watoto wao wakienda chuoni kwa furaha badala ya kuburutwa hawahitaji hoja nyingine.

Liko neno moja la kujibiwa. Baadhi ya masheikh wetu wachelea kwamba wanafunzi wakiachiwa kuzungumza watajitungia hukumu. Khofu hiyo si ya bure, nasi twaiheshimu. Hukumu ya sharia haipigiwi kura, na nisabu haiongezwi wala haipunguzwi kwa maoni ya darsa. Wala hatusemi kuhifadhi kuachwe. Qur'ani imetufikia katika vifua vya waliohifadhi. Twasema tu kwamba aliyehifadhi hesabu ya zaka bila ya kuijaribu ni kama aliyenunua ufunguo asijue mlango wake.

Tuliirudia darsa yetu ya zaka. Safari hii tuliwagawa watu mafungu manne, katika kila fungu tukatia mfanya biashara, mzee, kijana ajuaye hesabu, na mtu mmoja mkimya. Tukawapa duka la kubuni: bidhaa za shilingi 3,000,000 kwa bei ya siku mwaka unapotimia, fedha 600,000, na deni la 400,000 kwa mtu mwaminifu ambalo muda wake umefika; na mwenye duka naye anadaiwa 800,000. Mafungu mawili yakasema zaka ni 100,000; mawili yakatoa kwanza deni, yakasema 80,000. Pakawa na mabishano ambayo hatujapata kuyasikia katika darsa yetu, na kwa mara ya kwanza watu wenyewe wakataka kitabu kifunguliwe. Tukakifungua. Wakaona kwamba wanavyuoni wamekhitalifiana, na kwamba kauli yenye nguvu katika madhhabi yetu ya Shafii ni kuwa deni analodaiwa mtu halizuii zaka. Hapana aliyehitaji kukaririshwa jambo hilo.

Yule mwenye duka la nguo alikwenda zake, akahesabu majora yake, akaja kutuonyesha karatasi. Alikosea mahali pamoja tu: bidhaa alizihesabu kwa bei aliyonunulia. Akasahihisha mwenyewe, akatoa.

Basi twawausia wenye kufundisha, wawe wa chuoni, wa msikitini au wa nyumbani: kabla hujafungua kinywa, uliza ni nani walioketi mbele yako, na ni tatizo gani walilokuja nalo. Twaomba kila darsa iyazungumze maswali haya kabla ya toleo lijalo:

1. Katika darsa yenu, ni nani asiyesema kamwe, na kwa nini?
2. Ni somo gani watu wanalijua kwa ulimi na hawalitendi?
3. Ni tatizo gani la mtaani kwenu lingeweza kulifungua somo hilo?
4. Mtaliwekaje mbele ya watu bila ya kutaja jawabu?
5. Mtajuaje, baada ya mwezi mmoja, kwamba limefika mkononi?

Wabillahi tawfiq.