Kuchagua Praima ya Sanamu Ndogo

Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya Uingereza ilianza kutengeneza askari wadogo wa risasi wenye uwazi ndani. Kazi hiyo ya metali ilikoma mwaka 1966, plastiki ilipokwisha kushika nafasi yake. Kwa hiyo anayepaka rangi sanamu ndogo hana budi kwanza kujua sanamu yake imeundwa kwa kitu gani.

Praima ni rangi ya kutangulia. Metali na plastiki hazinyonyi maji. Rangi ya maji ikipakwa juu yake hujikusanya matone matone, na ikikauka hubanduka kwa ukucha. Praima hushikamana na uso huo, kisha huacha mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo rangi za juu huishika.

Malighafi na praima yake

Metali huvumilia viyeyushi vikali, hivyo praima nyingi huifaa. Polistirini, yaani plastiki ngumu, haivumilii: asetoni na tolueni huiyeyusha. Praima ya magari yenye viyeyushi hivyo, ingawa haidhuru bati la gari, huweza kufuta pua na vidole vya sanamu kwa dakika chache. Plastiki hii yahitaji praima ya maji, au ile iliyoandikwa koponi kuwa ni ya plastiki. Polithini, plastiki laini inayopindika, ni ngumu zaidi kupakwa, kwa kuwa uso wake hauvuti rangi. Hiyo yataka praima inayonyumbuka pamoja nayo.

Rangi ya praima

Praima nyeupe hung'arisha rangi za juu, hasa manjano na nyekundu. Nyeusi hutia kivuli katika mikunjo, lakini huzififisha rangi nyepesi. Kijivu ni ya wastani, na huonyesha wazi kasoro za sanamu.

Namna ya kupaka

Kwanza sanamu ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ili kuondoa mafuta ya kalibu na ya vidole, kisha ikauke kabisa. Kopo la kupulizia lishikwe umbali wa sentimita 20 hadi 30. Likiwa karibu mno, rangi huziba nakshi. Likiwa mbali mno, matone hukauka hewani na kuacha uso wa mchanga. Siku yenye unyevu mwingi haifai: kiyeyushi kinapogeuka mvuke hupoza uso, maji ya hewani hutonesha umande juu yake, na rangi hupata ukungu mweupe. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene. Praima ngeni ijaribiwe kwanza chini ya kitako cha sanamu.

Tahadhari

Sanamu kuukuu za metali mara nyingi zina risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Zisipigwe msasa mkavu, kwa maana vumbi lake huvutwa pumzini. Mikono ioshwe kabla ya kula, na watoto wasizichezee. Zikiwekwa katika kabati la mbao zitoazo asidi, kama mwaloni, risasi huliwa ikawa unga mweupe. Praima hupunguza madhara hayo bila kuyazuia kabisa. Kupulizia nako kufanywe mahali penye hewa ya kutosha, mbali na moto, kwa kuwa mvuke wa viyeyushi hudhuru mapafu na huwaka upesi.