Una chumba cha ziada? Soma hii kabla hujamtoa mpangaji wako

Wiki hii inbox imejaa swali moja: "Nataka kuanza kupangisha chumba kwa siku kama wanavyofanya Dar na Zanzibar, nianzie wapi?" Wengi wanaouliza ni nyinyi mnaouza vitenge, mafuta ya nywele na korosho za kubangua mtandaoni. Picha mnajua kupiga, mteja mnajua kumjibu, mnaona chumba nacho ni bidhaa kama nyingine. Ni kweli ni bidhaa, ila hii huwezi kuifunga kwenye mfuko ukaipeleka stendi. Mteja ndo anaifuata ilipo. Kwa hiyo swali la kwanza ni nani anakuja hapo ulipo, na usiku huwa analala wapi.

Mimi nina vyumba viwili vya uani hapa Ndanda, wilaya ya Masasi, navipangisha kwa usiku. Nitaongea kwa mfano wa hapa, na wewe uhamishie kwako.

Watu wakisikia biashara hii wanawaza mtalii. Angalieni basi Airbnb yenyewe ilivyoanza. Mwaka 2007 kule San Francisco, Brian Chesky na Joe Gebbia walikuwa wamebanwa na kodi ya nyumba. Mjini kulikuwa na mkutano mkubwa wa wabunifu na hoteli zimejaa. Wakatandika magodoro matatu ya upepo sebuleni, wakaongeza na kifungua kinywa, wakapata wageni watatu. Hawa jamaa hawakuwa na bahari wala mbuga ya wanyama. Waliona wiki ambayo watu ni wengi kuliko vitanda, wakaitumia.

Sasa njoo Ndanda. Wabenediktini walifungua misheni hapa mwaka 1906, na leo tuna Hospitali ya Mtakatifu Benedikto, ya rufaa. Wagonjwa wanatoka Masasi, Newala, Nanyumbu, Nachingwea na mbali zaidi. Mgonjwa mmoja aliyelazwa ana ndugu wawili watatu nyuma yake. Kuna wa kumpikia uji, kuna wa kushughulikia malipo, na kuna aliyekuja kumwona kwa siku mbili halafu arudi. Hao wote wanalala mahali. Jirani kuna Shule ya Sekondari Ndanda, ile aliyosoma Rais Mkapa, na siku ya mahafali au ya kuripoti wanafunzi wapya, wazazi wanashuka na mabasi ya barabara ya Mtwara hadi Masasi wakiwa na masanduku. Halafu kuna msimu wa korosho. Minada ya vyama vikuu, MAMCU upande wa Masasi na TANECU upande wa Newala na Tandahimba, huanza mwezi wa kumi, na hapo wanaingia madereva, makarani na wafanyabiashara wa kila aina. Ongeza mafundi wa barabara na umeme wanaokaa wiki mbili, tatu.

Wageni wa kanisa mara nyingi hupokelewa ndani ya misheni yenyewe, kwa hiyo mimi siwahesabu. Mtalii akipita, karibu sana, ila godoro sikununua kwa ajili yake.

Kabla hujanunua hata shuka, chukua daftari, tenga wiki mbili. Ongea na bodaboda wa stendi, wao ndo wanajua gesti ipi imejaa na mgeni wa saa nne usiku walimpeleka wapi. Ongea na mama lishe wa karibu na hospitali. Ukikutana na mgeni muulize, "Jana ulilala wapi, ulilipa ngapi, nini kilikukera?" Andika. Hapa Ndanda majibu niliyopata hayakuwa ya televisheni wala wifii. Watu walilalamika hakuna pa kuchemshia maji, hakuna kamba ya kuanika nguo, mlangoni kelele za baa, na mama wa makamo kuona aibu kuingia gesti ambayo watu wanaijua kwa mambo mengine. Hilo la mwisho ndilo lililonipa wateja wengi. Chumba uani kwa familia, mlango unaofungika, hakuna pombe. Ni hivyo tu.

Haya, hesabu. Nitatumia bei zangu, wewe weka za kwako.

Chumba kimoja nilikiandaa kwa 1,120,000. Kitanda na godoro 450,000. Mashuka pea tatu, mito, taulo na chandarua 230,000. Feni na nyaya 120,000. Kitasa kipya na nyavu za madirisha 140,000. Meza, kiti, hanga na ndoo 110,000. Rangi 70,000. Usiku mmoja natoza 20,000, na kila usiku unakula kama 6,000 za dobi, sabuni, umeme wa LUKU, maji na mtu wa usafi. Inabaki 14,000.

Nikipata usiku 8 kwa mwezi, ni 112,000. Inamaanisha miezi 10 kurudisha pesa ya maandalizi. Inavutia, eeh?

Subiri. Tuseme chumba hicho kilikuwa na mpangaji wa mwezi anayelipa 50,000, hana shida, umeme ananunua mwenyewe. Hiyo 50,000 umeipoteza, kwa hiyo faida yako mpya sio 112,000 bali 62,000. Maandalizi yaleyale sasa yanarudi kwa miezi 18. Na kwenye mwezi mkavu ukipata usiku 3, una 42,000 mkononi, chini ya alichokuwa anakulipa mpangaji, na kazi umefanya mara tatu. Usiku wa nne ndo unaanza kumpita.

Ndiyo maana nawaambia wenye wapangaji wazuri, msiwe na haraka. Anza na chumba kilichokaa tupu, kile cha kijana aliyeenda chuo au stoo iliyojaa magunia. Ukiona miezi sita mfululizo unarudisha wageni kwa kukosa nafasi, hapo ongea na mpangaji, mpe notisi ya heshima, kama ana watoto wa shule subiri wafunge. Kwa mkopo wa riba ya wiki hii biashara usiiguse. Chumba hakijui kuwa Ijumaa kuna marejesho.

Mambo ya sheria nitayapita haraka, ila yasikupite. Anzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, ajue unapokea wageni. TIN ya TRA ni bure, ukiambiwa ulipie umekutana na tapeli. Leseni, ukaguzi wa afya na ushuru wa nyumba za kulala wageni uliza halmashauri yako, na hakikisha unajua ni ipi. Ndanda ipo Halmashauri ya Wilaya ya Masasi, lakini mwenzako wa Masasi mjini yupo chini ya Halmashauri ya Mji. Newala nao ni hivyohivyo, kuna ya mji na ya wilaya. Ukienda dirisha lisilo lako utapoteza nauli na siku nzima.

Weka kitabu cha wageni. Jina, namba ya kitambulisho, anatoka wapi, anakwenda wapi, simu, tarehe ya kuingia na kutoka, sahihi. Mgeni akikataa kuandika, mwambie kwa upole, "Samahani kaka, huo ndo utaratibu, hata ndugu yangu angeandika." Akigoma kabisa, mpoteze. Na kitabu hicho kikae kwako ndani. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo kile kitendo cha kurusha kitambulisho cha mteja kwenye grupu la WhatsApp eti "wadau mnamjua huyu?" kiacheni, na wenye kuuza nguo nao kiwahusu. Picha ya mgeni usiweke status bila ruhusa yake. Mtu amekuja kuuguza, hataki ndugu wa Tandahimba wajue kwa kupitia simu yako.

Kutangaza sasa, hapa nyinyi ni walimu wangu. Mimi natumia katalogi ya WhatsApp Business na nimeweka alama ya nyumba kwenye ramani ya Google. Picha napiga saa tatu asubuhi, madirisha wazi. Kitanda, mlango na kitasa chake, jiko, na CHOO. Usifiche choo. Kama ni cha nje andika cha nje, kama ni cha kushirikiana andika. Anayekuja akijua hana ugomvi, asiyejua atakulipa usiku mmoja kwa hasira na hutamwona tena. Andika na umbali kwa miguu: "dakika 10 kutoka geti la hospitali." Kwa mtu mwenye termosi ya uji mkononi hilo ni muhimu kuliko rangi ya pazia.

Ujumbe wangu wa kwanza kwa mteja huwa huu, unaweza kuuchukua:

"Shikamoo/habari. Chumba kipo, usiku 20,000, siku 7 ni 112,000. Kitanda kimoja, feni, chandarua, choo cha ndani, jiko la gesi la kushirikiana. Maji yapo. Tunalala kimya kuanzia saa nne. Kushikiliwa chumba ni kianzio cha usiku mmoja. Unakuja lini, mkiwa wangapi?"

Kianzio kikitumwa, angalia salio lako, usiangalie meseji aliyokurushia. Meseji ya muamala mtu anaweza kuiandika mwenyewe. Akiahirisha siku mbili kabla, mrudishie chote au umsogezee tarehe. Akiahirisha usiku uleule, kianzio kinabaki. Mwambie masharti haya kabla hajalipa, sio baada.

Utaona hiyo bei ya siku 7 ni 16,000 kwa usiku. Mgeni wa wiki anakupunguzia dobi na kuhangaika, kwa hiyo punguzo halikuumizi sana. Anayeuguza hajui atakaa siku ngapi, ukimkaba na bei ya usiku atahamia barazani kwa mtu na chumba chako kitabaki na buibui. Kuna mama alikuja kwa siku mbili, mwanae kavunjika mguu, akakaa siku kumi na tisa. Tulikuwa tunafunga hesabu kila Jumapili, analipa kidogo kidogo kadiri ndugu wanavyomtumia, mimi naandika, yeye anaandika. Aliondoka hadaiwi hata mia. Tangu hapo kijijini kwao sijawahi kutangaza, wanakuja wenyewe.

Na kuna upande mwingine wa kuwa karibu na hospitali, inabidi niuseme. Siku nyingine mgeni wako anarudi saa nane usiku mgonjwa wake amefariki. Uwe umeshaamua mapema utafanya nini, maana usiku ule hutakuwa na akili ya kupanga. Mimi ninarudisha pesa ya siku zilizobaki papo hapo bila kuombwa, naamsha bodaboda ninayemwamini, naweka maji ya moto. Hesabu ya taulo na ndoo siku hiyo haifanywi. Kama huwezi kubeba hilo, tafuta wateja wa korosho au wa shule, sio dhambi.

Pia chumba sio wodi. Mgonjwa aliyeruhusiwa na ana kliniki ya kurudi kesho anakaribishwa, lakini anayehitaji uangalizi mrudishe kwa wahudumu, hata kama ana pesa mkononi.

Msimu wa korosho nao una kishawishi chake. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja ukitaja 40,000 kuna watu watalipa. Mimi kwa wafanyabiashara napandisha mpaka 25,000 na natangaza mwezi mzima kabla. Wanaouguza bei yao haiguswi. Madereva hawa hawa watapita tena mwezi wa pili barabara ikiwa kavu kwa wateja, na wanakumbuka nani aliwakamua.

Wenzangu wa Newala juu, kwenu kuna jambo moja la ziada, maji. Nyanda za juu za Makonde ni kavu, na mradi wa Makonde unasukuma maji kutoka bondeni. Huku Ndanda chini ya mlima tuna nafuu ya chemchemi, nyinyi msianze bila simtanki na madumu ya akiba, na gharama ya maji muiweke kwenye ile 6,000, pengine ifike 8,000. Ila mna hali ya hewa ya baridi na mna Shimo la Mungu, mtu anasimama ukingoni anaangalia bonde lote la Ruvuma. Mkipiga picha ile asubuhi na kuiweka ya pili baada ya kitanda, huyo mtalii niliyesema simhesabu, nyinyi mnaweza kumhesabu.

Mwenye daftari la wiki mbili tayari anitumie namba zake inbox: gesti ngapi jirani, zinajaa siku zipi, bei gani, na chumba chako sa hivi kinakuingizia nini. Ijumaa jioni nitachukua mifano mitatu bila majina tuipigie hesabu hapa kwenye ukurasa.