Ukienda Dzaleka, usilale Lilongwe
Mara ya kwanza nilipotua Uwanja wa Ndege wa Kamuzu, Malawi, nikitokea Dar es Salaam, nilichukua teksi hadi Lilongwe mjini, kama kilomita 25, nikalipia chumba. Asubuhi minibasi ikanirudisha kwa barabara ileile ya M1, nikaupita uwanja nilikotua jana yake! Uwanja uko Lumbadzi, kaskazini mwa mji, na kambi ya wakimbizi ya Dzaleka iko mbele zaidi, upande huohuo. Dereva wa teksi nilimwambia ninakokwenda, akanyamaza. Nauli na pesa ya chumba zikaenda bure, na bado zinaniuma.

Kwa hiyo ukitua mchana, toka hadi barabara kuu usubiri minibasi za kuelekea Dowa au Mponela. Usipande kabla ya kukubaliana nauli. Ukilazimika kuanzia stendi ya mjini, tazama abiria waliomo. Nilikuta sita wameketi, nikadhani tunaondoka. Injini ilipowashwa, wanne wakashuka wakicheka na utingo. Walikaa pale kuvutia watu tu. Nilisubiri karibu saa mbili, ndoo ya nyanya ya jirani yangu ikiwa mapajani mwangu. Petroli ikiadimika, kama ilivyokuwa 2024 na 2025, ongeza muda na pesa. Ukishuka njia panda ya Dowa kuna matola, yaani pikapu za kubeba watu, na kabaza, yaani baiskeli na pikipiki za abiria, za kukufikisha.

Muda wa ndege nao usikudanganye. Dar hadi Lilongwe ni kama kilomita 970 kwa mstari mnyoofu, na ndege isiyopitia kwingine haimalizi saa mbili. Ukitaka kuendelea, Lilongwe hadi Chileka, uwanja wa ndege wa Blantyre, ni kama kilomita 250, haifiki saa moja hewani, ilhali barabara inazidi kilomita 300 na basi hutumia saa nne au tano. Lakini jumlisha safari ya Lumbadzi, foleni na kusubiri. Ndege yangu ya asubuhi iliondoka jioni, na wenzangu waliopanda basi alfajiri walikuwa wameshakula mchana Blantyre. Blantyre sasa naenda kwa basi.

Lilongwe watu watakuelekeza kwenye kaburi la Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi. Ni marumaru nzuri, dakika kumi zinatosha. Utawala wake utauelewa zaidi Dzaleka, iliyokuwa gereza la wafungwa wa siasa. Ilifanywa kambi ya wakimbizi 1994, mwaka uleule aliposhindwa uchaguzi. Ilikusudiwa watu kama 10,000; leo wanazidi 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda.

Hapa ni makazi ya watu, si mahali pa kutalii. Shughulikia kibali mapema, na usimpige mtu picha kabla hajakubali. Wakati bora ni tamasha la Tumaini, lililoanzishwa 2014 humohumo kambini. Wageni hulala kwenye nyumba za wenyeji, na hilo nalipendekeza kuliko hoteli yoyote ya Lilongwe, kwa sababu pesa yako inabaki kwa aliyekupikia sombe, yaani kisamvu.

Kambini Kiswahili kitakutosha. Sokoni mama mmoja aliyekuwa akikaanga mandazi aliniita, "Karibu, papa, kuko ya moto." Nikampa noti kubwa. Alimtuma mwanawe vibanda vitatu kutafuta chenji, mafuta yakizidi kuchemka, wateja wakinisubiri mimi. Beba noti ndogondogo.